Je, wazee wetu wa kiume wanakufa zaidi kuliko zamani?

Kwenye kilio hapa Kadutu, Bukavu, huwa nasikia neno lilelile: "Zamani wazee hawakufa hivi, siku hizi kila juma tunazika baba mwingine." Uchungu huo naujua. Lakini wingi wa makaburi haupimi hatari ya kufa.

Sensa ya mwisho ya Kongo, ya 1984, ilipata watu kama milioni 30. Leo tunakadiriwa kupita milioni 100. Wazee nao wameongezeka. Tuchukue mfano wa kubuni: mtaa ulikuwa na wanaume 50 wa miaka 70 hadi 74, wakafa 5 kwa mwaka. Sasa wako 200, wanakufa 12. Maziko yamezidi mara mbili, ila kiwango cha vifo kimeshuka kutoka 100 hadi 60 kwa kila wanaume 1,000. Na lazima umri ulingane: wa miaka 70 usimpime na wa 85.

Tena, babu aliyefika miaka 90 tunamsimulia mpaka leo. Wenzake waliozikwa wakiwa na miaka 40, nani bado anawataja?