Mfumo Kusoma Si Mfumo Kuelewa: Dhana Potofu Kuhusu Ujumbe wa Biashara Unaotumwa kwa Data

“Sisi karatasi tuliacha zamani, LPO zote siku hizi tunatuma kwa barua pepe.” Kauli hii, inayozungumzia LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi, husikika katika ofisi nyingi za ununuzi, na ndiyo dhana ya kwanza inayopaswa kuwekwa sawa. PDF iliyoambatishwa kwenye barua pepe ni karatasi ile ile iliyobadilisha njia ya kusafiri. Anayeipokea huifungua, huisoma kwa macho, kisha huchapa upya kila mstari katika mfumo wake, na akikosea tarakimu moja ameongeza kosa ambalo mnunuzi hakulifanya. Kubadilishana data kielektroniki, ambako wenye fani hukuita EDI, huanza pale mfumo wa mnunuzi unapotoa agizo katika mpangilio uliokubaliwa na mfumo wa muuzaji ukaliingiza moja kwa moja, bila mtu kuchapa chochote katikati.

Wapo pia wanaodhani kwamba jambo hili lilizaliwa na intaneti. Ukweli ni kwamba limeitangulia kwa miaka mingi. Katika operesheni ya kupeleka chakula na makaa ya mawe Berlin kwa ndege, mwaka 1948 na 1949, Edward Guilbert wa jeshi la Marekani na wenzake walibuni orodha ya shehena yenye mpangilio mmoja, iliyoweza kutumwa hata kwa teleksi. Kutoka katika fikra hiyo zilikua kazi zilizozaa viwango vya X12, ambavyo kamati yake iliundwa Marekani mwaka 1979, na baadaye EDIFACT ya Umoja wa Mataifa, ambayo kanuni zake za sarufi zilipitishwa mwaka 1987 kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO 9735.

“EDIFACT imekufa; siku hizi ni XML na JSON tu.” Anayesema hivi, akiisifu mipangilio ya data iliyokuja baadaye, aende bandarini. Meli ya makontena inapokaribia gati, wapangaji wa upakuaji hupokea ujumbe uitwao BAPLIE, ambao ni wa familia ya EDIFACT na unaoeleza kila kontena limekaa wapi melini. Nafasi iliyoandikwa 0120382 inasomeka hivi: tarakimu tatu za kwanza zinataja mahali kwenye urefu wa meli, mbili zinazofuata zinataja safu kwenye upana, na mbili za mwisho zinataja tabaka kwa kimo. Bandari nazo hutajwa kwa misimbo: Dar es Salaam ni TZDAR, Mombasa ni KEMBA. XML ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1998 na inasomeka kwa urahisi zaidi kwa macho ya binadamu, lakini mfumo unaofanya kazi hauvunjwi kwa sababu ya urembo, hasa pale ambapo kuubadilisha kunawadai washirika wote wabadilike siku moja.

Dhana iliyonigharimu mimi mwenyewe ni ile inayosema kwamba data iliyopangwa vizuri hujieleza yenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliunganisha mfumo wa mnunuzi mmoja na wa msambazaji wake wa sabuni. Agizo la kwanza lilikuwa na kipande hiki: QTY+21:48'. Herufi QTY zinatambulisha kiasi, 21 inasema ni kiasi kilichoagizwa, 48 ndiyo idadi, na alama ya mwisho (') inafunga kipande. Hakuna kasoro ya kimuundo hata moja. Mnunuzi alikusudia vipande 48, yaani katoni mbili za vipande 24. Mfumo wa msambazaji, kwa kuwa haukuona kipimo, ulichukua kipimo chake cha kawaida, ambacho kilikuwa katoni, na lori likafika na vipande 1,152. Karani wa stoo anayepokea LPO ya karatasi angepiga simu kuuliza, “Kaka, duka lile dogo linataka katoni 48 za nini?” Mfumo hauulizi. Tulipoandika QTY+21:48:PCE', tatizo likaisha, lakini dawa halisi ilikuwa waraka ambao tulipaswa kuuandika kabla ya kuanza, unaotaja kila sehemu, ipi ni ya lazima, na misimbo ipi inaruhusiwa. XML isingetuokoa hata kidogo: <Kiasi>48</Kiasi> ina utata ule ule.

Mambo ya tarehe na saa ni ya namna hiyo hiyo. 04/05 ni Mei kwetu na ni Aprili kwa Mmarekani. Ndiyo maana EDIFACT huandika DTM+137:20240504:102', ambamo DTM inatambulisha tarehe na 102 inatangaza kwamba mwaka umetangulia, ukifuatwa na mwezi na siku. Saa isiyo na ukanda wa saa ina hatari zaidi, nasi tunaosema saa mbili asubuhi huku simu ikionyesha 08:00 tulipaswa kuwa wa kwanza kulitambua hilo.

“Mfumo wao umejibu kwamba umepokea, kwa hiyo agizo limekubaliwa.” Hapana. Katika EDIFACT, jibu la CONTRL husema tu kwamba ujumbe umefika na sarufi yake ni sahihi. Kukubali, kukataa au kupunguza idadi huja katika ujumbe mwingine, ORDRSP, na asiyeungoja hugundua upungufu siku mzigo unaposhushwa.

Kuhusu usalama, mpangilio wa data haufichi chochote. Usimbaji fiche na saini ya kidijitali ni kazi ya njia ya kusafirishia, kama vile AS2, utaratibu wa kutuma ujumbe wa aina hii kwa intaneti. Na anayeona kwamba haya ni ya kampuni kubwa pekee akumbuke kwamba mashine ya risiti za kodi (EFD) iliyo kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hutuma data za risiti kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bila mwenye duka kuandika barua.

Inabaki hofu kwamba agizo lisilo na muhuri halina nguvu kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki, na haiufanyi kuwa batili kwa sababu tu hauko kwenye karatasi. Suala ni kile ulichohifadhi. Wengi hufuta faili lililopokelewa na kubaki na PDF iliyochapishwa kutoka mfumo wao, na PDF ile, katika kisa changu cha sabuni, ingeonyesha wazi kabisa kwamba mnunuzi aliagiza katoni 48.