Skripti ya kusetapu mashine pepe: tunavyodhani na ilivyo

Wakuu, hapa Mwanza madogo wengi wanaojifunza programu wanainstoli PHP na MySQL kwa mkono, siku mbili zinakata, laptop ikifa wanaanza moja. Ukimwambia andika skripti Vagrant (programu ya kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta yako) ikufanyie, anajibu hayo ni ya makampuni makubwa. Siyo kweli kabisa, Vagrant ilianzishwa 2010 na mtu mmoja, Mitchell Hashimoto, kampuni ya HashiCorp ikaja 2012, na Vagrantfile, lenye maelekezo ya mashine yako, ni faili la maandishi tu, mistari kumi inatosha kuanzia.

Wengine wanaogopa bando, eti kila ukiwasha inashusha Ubuntu upya. Hapana, boksi (nakala ya Ubuntu iliyo tayari) linashuka mara moja linakaa kwenye foda la .vagrant.d, na mwenzako wa Nyegezi anaweza kukuletea la kwake kwenye flashi ukaliingiza kwa vagrant box add. Programu unazoinstoli kwa apt ndani ya Ubuntu ndio zitashuka tena ukitengeneza mashine mpya, hapo sibishi.

Linaloniuma zaidi ni hili la kudhani skripti ikipita mara moja basi ni nzima. Kwanza, ukiirekebisha halafu ukapiga vagrant up (amri ya kuwasha mashine) hutaona badiliko, maana kwa kawaida skripti inarun siku mashine inapozaliwa tu, baada ya hapo unapiga vagrant provision ili irun tena. Sasa hapo ndipo uozo unapotoka. Dogo mmoja wa Igoma alinifungulia .bashrc yake (faili la mipangilio ya terminal), mstari ule ule wa export PATH umejipanga mara tisa, kwa sababu skripti ilikuwa na echo na >>, inayoongeza mstari mwishoni mwa faili, bila kuangalia kama mstari upo, na mkdir, ya kutengeneza foda, nayo inagoma kwa kuwa foda lipo tayari. Weka mkdir -p, tanguliza grep -q iangalie kama mstari upo kabla ya kuuongeza, apt-get install iwe na -y la sivyo inauliza swali na hakuna wa kujibu. Ukichoka na hayo hamia Ansible, programu nyingine ya kusetapu mashine, moduli yake ya lineinfile inaangalia kwanza ndio iandike.

Na vagrant destroy, amri ya kufuta mashine, haifuti kodi zako za programu, zile za foda la /vagrant ziko kwenye laptop yenyewe. Databesi iliyo ndani ya mashine ndio inaondoka jumla, kwa hiyo mimi natoa nakala yake kwa mysqldump kwenda /vagrant, nafungua faili nihakikishe data imo, ndipo nafuta.