Je, wajua kwa nini shida ya maji humpunguzia mtoto kunde sahanini?

Kunde zimechemka kwa maji ya kisima cha pwani mpaka kuni zinakwisha, na bado ukizibonyeza kwa kidole ni ngumu. Mara nyingi kosa si la kunde. Mashariki ya Unguja, toka Paje, Jambiani hadi Makunduchi, ardhi ni mawe ya matumbawe. Mvua ikizama humo huyeyusha chokaa, na chokaa hiyo hukaza kunde zisilainike. Mpishi aongeze maji, aongeze kuni, avute moshi zaidi. Siku ambayo maji yenyewe ni ya kuhesabu madumu, hupikwa muhogo au wali mtupu, na mtoto hukosa protini na madini ya chuma.

Chini ya mawe hayo maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi. Kwa kanuni ya wataalamu, uso wa maji baridi ukishuka mita 1, maji ya chumvi huweza kupanda kama mita 40. Pampu zikivuta kupita kiasi, kisima cha kijiji huingia chumvi, na mchotaji hutafuta kingine mbali. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2023 inasema katika kaya 7 kati ya 10 duniani zisizo na maji nyumbani, kazi hiyo ni ya wanawake na wasichana. Dumu la lita 20 ni kilo 20 kichwani, hata kwa mjamzito.

Tena pwani hiyo ndiyo ya wakulima wa mwani, wengi wao wanawake. Mwani hushughulikiwa maji ya bahari yakitoka, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa zaidi. Mgao wa mfereji ukiangukia saa hizohizo, mama achague: kipato chake au maji ya nyumbani. Akienda baharini, binti ndiye hubaki kupanga foleni, na shule ikamsubiri. Maji yakiwa haba, kunawa mikono hupunguzwa mapema, na kuhara kukiingia hata chakula kizuri hakimjengi mtoto. Naamini kila kamati ya maji, kabla ya kupanga ratiba, iwaulize wanawake bamvua ni lini.

Maji ya mvua yaliyokingwa batini hayana chokaa, na kunde huiva nayo upesi. Mwenye tangi wakati wa masika ayatenge ya kupikia. Magadi nayo hulainisha kunde, ila huharibu vitamini B1.