Midsommar: eti wanaua wazee, eti wanaabudu jua, na mengine tunayodanganywa

Kila Juni ikifika zile picha zinaanza kuzunguka, wadada wana mataji ya maua kichwani, mlingoti umevishwa majani, watu wazima na akili zao wanarukaruka kama vyura, na maneno yanayofuata ni yaleyale, eti hao wanaabudu jua, eti ndo ile sikukuu wanayoua wazee. Jamani. Hii Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi ya Uswidi na majirani zake huku kaskazini mwa Ulaya, ina vituko vyake kweli, ila vingi vinavyosemwa sio, na vingine hata wenyeji wanavikosea.

Tuanze na hilo la wazee maana ndo linasambaa kuliko yote. Limetoka kwenye filamu ya kutisha ya Kimarekani ya 2019, nayo inaitwa Midsommar, ambayo hata haikupigwa Uswidi, ilipigwa Hungary. Ile stori ya wazee kurushwa au kujirusha kwenye jabali wakichoka kazi ni ya zamani, imo kwenye masimulizi ya Iceland ya enzi za kati tena kwa mtindo wa kuchekesha, halafu kwenye miaka ya 1600 Waswidi wakaidaka wakaanza kuonyeshana majabali, eti hapa ndo palikuwa penyewe. Ushahidi kwamba ilishawahi kutokea hamna. Na hata ndani ya hayo masimulizi haihusiani na Midsommar.

Sasa mlingoti. Utaambiwa ni alama ya uume, Waviking walikuwa wanauchomeka ardhini ili ardhi izae. Stori tamu, na hata Waswidi wenyewe wanapenda kukusimulia wakishapata glasi mbili tatu, ila Waviking hawahusiki. Huo mlingoti uliingia Uswidi mwishoni mwa enzi za kati, inaonekana kutokea Ujerumani, na Waviking walishapita kitambo. Wajerumani wanausimamisha Mei, lakini Uswidi Mei sehemu nyingi miti bado haina majani ya maana, utaupamba na nini, kwa hiyo ukasogea Juni. Yaani sababu ni majani tu, hamna siri.

Na hilo la kuabudu jua je? Wakatoliki mnaijua tarehe 24 Juni, ni sherehe ya kuzaliwa Yohane Mbatizaji, kama miezi sita kabla ya Krismasi, kwa sababu Luka anasema Maria alipopashwa habari na malaika, Elisabeti alikuwa na mimba ya miezi sita. Kanisa liliiweka hapo toka zamani na Denmark sikukuu mpaka leo inabeba jina la huyohuyo mtakatifu. Kwamba watu waliwasha moto na kuchuma majani ya dawa usiku huo, ndio, hizo ni mila za wakulima na zilienda sambamba na kanisa kwa karne nyingi bila ugomvi mkubwa, kama ambavyo kwetu mtu anasali na bado hafagii nyumba usiku.

Kingine, watu wanadhani ni lazima iangukie siku ndefu kuliko zote. Siku hiyo ni 20 au 21 Juni. Uswidi walikuwa wanafuata tarehe 24 ila 1953 wakaihamisha, mkesha ukawa Ijumaa yoyote kati ya 19 na 25 Juni, Ufini nao wakafuata 1955, kwa hiyo hiyo "mila ya kale" unayoiona imepangwa kulingana na wikiendi. Denmark, Latvia na Estonia wao wamebaki na usiku wa tarehe 23. Na kwa waliohamia juzi, angalieni hapa: Ijumaa ndo watu wanasherehekea na maduka mengi yanafunga mapema, lakini kisheria sikukuu ni Jumamosi.

Halafu eti jua halizami. Inategemea uko wapi, Kiruna kule juu kaskazini mwa Uswidi kweli halizami toka mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai, ila Stockholm linazama karibu saa nne usiku na kuchomoza saa tisa na nusu alfajiri, na katikati hapo giza lenyewe halikolei. Wengine wanasema ni kwa sababu dunia imelisogelea jua. Kinyume kabisa! Mwanzoni mwa Julai ndo tuko mbali nalo zaidi, kama kilomita milioni 152, na Januari tuko karibu, milioni 147. Kinachofanya kazi ni mhimili wa dunia kuinama nyuzi 23.4, ndo maana siku hiyohiyo Dar wako kwenye baridi yao ya Juni na mchana wao ni pungufu kidogo ya saa 12.

Denmark wao wanachoma sanamu ya mchawi juu ya moto, na ukiona unasema hii lazima imetoka enzi za kuchoma wachawi. Hapana, moto wenyewe ni wa zamani ila hiyo sanamu imezoeleka karne ya 20 tu. Wachawi wa kweli, yaani watu waliosingiziwa, takriban 1,000 waliuawa Denmark, wa mwisho kwa hukumu ya mahakama akiwa mama mmoja, Anne Palles, 1693. Wapo Wadenishi wanaoona huo mchezo haufai, na mimi niko nao, mtu anayejua yaliyowapata bibi zetu Shinyanga kisa macho mekundu hawezi kucheka sana hapo.

Ramli za mapenzi ndo raha yangu. Uswidi msichana anachuma maua ya aina saba bila kusema neno, anayaweka chini ya mto, anamuota mume. Latvia na Estonia wapenzi wanaingia msituni usiku kutafuta ua la kangaga linalochanua usiku huo mmoja tu, na wapo wanaouliza linafananaje. Kangaga haitoi maua, haijawahi, inazaana kwa vumbi lililo chini ya majani yake, na kila mtu anajua hivyo na bado wanaenda wawili wawili na kurudi asubuhi mikono mitupu, hamna anayewauliza.

Na chakula, kuna wanaokataa mwaliko wakiogopa yule samaki wa kopo anayenuka balaa. Huyo msimu wake ni Agosti. Midsommar utapewa heringi wa siki, viazi vichanga, stroberi na pombe kali ya glasi ndogo ambayo unaruhusiwa kuikataa, ila nenda na koti maana mvua ya siku hiyo, hiyo sio hadithi.