Umeanza dawa za depresheni? Pita kaunta kabla hujaziacha

Wengi wanaoanza dawa za depresheni alafu wakaziacha huwa wanaziacha mapema, mwezi wa kwanza huo huo, na ukiwauliza watakwambia hazinifanyii kazi, na juu ya hivo zanitia kichefuchefu. Wana haki kusema hivo. Hizi dawa madhara yake hutangulia nafuu ikafuata nyuma, na kama hakuna aliyekwambia mapema basi utaona umelishwa sumu. Mimi ni mfamasia, kazi yangu ni kaunta ya dawa hapa Lamu, na kwa maoni yangu hapa ndipo sisi watu wa famasi tunapowaangusha wagonjwa: vidonge ndani ya kibahasha, tunaandika 1x1 (kidonge kimoja mara moja kwa siku), haya mwengine.

Mtu aambiwe kabla hajaondoka dirishani kwamba fluoksetini na setralini zataka wiki 2 mpaka 4 ndio aanze kuhisi tofauti, na nafuu kamili yaweza kufika wiki ya 6 au ya 8. Saa ingine usingizi na hamu ya kula ndio hurudi kwanza, mwenyewe bado hana raha lakini watu wa nyumbani washaona amebadilika. Kichefuchefu kwa wengi chapungua baada ya wiki moja mbili, meza na chakula. Amitriptilini yakausha mdomo na yalaza, kwa hivo ni dawa ya usiku, na mzee anayeitumia asiinuke kitandani kwa haraka, kizunguzungu kitamuangusha.

Kuna mama alikuja wiki ya pili ya Ramadhani, anatumia setralini, alalamika kichwa chazunguka na kila akigeuza macho ahisi kama shoti ya stima ndani ya kichwa. Yeye akadhani ni saumu. Nikamuuliza, bi mkubwa vidonge unameza saa ngapi? "Mwanangu, mimi nafunga." Kumbe tangu mwezi ulipoandama hajagusa hata kimoja, na hakuna aliyemwambia kwamba dawa ya mara moja kwa siku yaweza kuhamishwa ikamezwa baada ya futari au wakati wa daku! Tukaongea na daktari wake, akaanzishwa tena, akafunga mwezi wake. Ile shoti ndio mwili unavofanya dawa ikikatwa ghafla, na sio dalili ya uraibu vile watu wanavosema, manake mtu wa hizi dawa hana ile kiu ya kutafuta zaidi na zaidi. Lakini kuziacha ni pole pole, daktari akipunguza dozi kidogo kidogo.

Wanaume nao wana lao. Hizi dawa zaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha mambo, kwa wanaume na wanawake, na mwanamume wa hapa kwetu ataacha dawa kimya kimya kuliko kumwambia mtu jambo hilo, haswa kama nyuma yake kwa foleni kuna jirani yake wa mtaa. Mji wenyewe ni huu wa vichochoro, kila mtu amjua mwenzake. Omba kuongea pembeni, ni haki yako, na sisi tuulize bila kungoja kuulizwa. Dozi yaweza kubadilishwa au ukapewa dawa ingine.

Alafu kuna wenzetu wa Faza na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, boti zafuata maji, nauli juu, siku nzima imekwenda kwa kibahasha kimoja. Mfamasia akijua hilo aweza kuongea na daktari mtu aandikiwe ya miezi miwili. Mwanzoni lakini mtatuona tuna mkono mgumu, haswa kwa amitriptilini, kwa sababu ikimezwa nyingi kwa pamoja yaua, yaharibu mapigo ya moyo. Mtu akishatulia ndio twaongeza vidonge vya kwenda navyo nyumbani.

Tuambieni pia kila kitu kingine mnachotumia. Tramadoli ya maumivu ikikutana na setralini au fluoksetini yaweza kuleta shida kubwa, mtu atetemeka, jasho, moyo waenda mbio. Dawa za miti shamba pia tuonyesheni. Kusomewa na kunywa kombe, yale maji ya aya za Kurani, hakugongani na vidonge, endelea na vyote, tunachoomba tu usiambiwe utupe kimoja.

Na ukishapona usitupe kibahasha. Ushauri wa kawaida ni kuendelea kama miezi 6 mpaka 9 baada ya kujisikia mzima, wale ambao ugonjwa umeshawarudia huenda wakakaa zaidi, manake ukikatiza mapema waweza kurudi. Ukisahau dozi moja, meza ukikumbuka siku ile ile, ikiwa ni karibu saa ya nyingine iache hio, usimeze mbili.

Kwa vijana chini ya miaka 25, watu wa nyumbani wawe macho wiki za kwanza na kila dozi inapobadilishwa. Ukimuona hatulii, halali, ama aongea mambo ya kujiua, usingoje tarehe ya kurudi kliniki, mleteni hospitali siku hio hio. Ya simu ni 1199 ya Msalaba Mwekundu, haikati pesa.