Je, wajua kwa nini waasi wa 1982 walimfuata mtangazaji wa mpira alfajiri?

Hii stori ya tarehe 1 Agosti 1982 wengi tumeisikia nusu nusu tu, mara kwa mjomba, mara kwa mzee wa jirani. Wanajeshi wa anga wa Kenya wanaasi, wanateka stesheni ya Sauti ya Kenya pale barabara ya Harry Thuku karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, na asubuhi hiyo ya Jumapili nchi inaambiwa kwenye redio kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Hapo kila mtu anakwambia habari za risasi na maduka kuvunjwa, lakini huwa hawaulizi kitu kimoja: sauti iliyotangaza hayo ilikuwa ya nani na kwa nini yeye?

Hakuwa mwanajeshi wala mwanasiasa. Alikuwa Leonard Mambo Mbotela, yule wa kutangaza mpira, yule wa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?". Walimfuata nyumbani kwake Ngara kukiwa bado giza, wakamchukua mpaka studio, na huko Hezekiah Ochuka, kiongozi wao, akampa maneno ya kusoma.

Sasa fikiria. Una bunduki, una stesheni, una maiki mbele yako. Kwani huna mdomo? Soma mwenyewe basi. Na wengine walisoma wenyewe kweli. Uganda, Januari 1971, tangazo la kumtoa Obote na kumweka Amin lilisomwa na mwanajeshi, Sam Wilfred Aswa, hoja 18 moja baada ya nyingine. Zanzibar, Januari 1964, John Okello alishika redio mwenyewe akawa anatoa amri na vitisho, na watu walitetemeka hasa kwa sababu hawakujua huyu Field Marshal ni nani na katokea wapi. Hiyo inafanya kazi kama unataka watu waogope. Lakini kama unataka waamini, hiyo ni habari tofauti kabisa, na Ochuka alikuwa na shida ya kuaminika kubwa kuliko ya hao wawili, maana cheo chake kilikuwa cha chini sana, hata ukoplo hakuwa ameufikia. Mtu akisikia saa kumi na mbili asubuhi kwamba nchi sasa iko chini ya Ochuka, swali la kwanza ni Ochuka gani?

Ndiyo akatafutwa mtu ambaye hakuna Mkenya angemuuliza wewe ni nani.

Hapa lazima nikueleze redio ilikuwaje zile enzi, hasa kama umezaliwa wakati wa FM mia moja. Sauti ya Kenya ilikuwa ya serikali na ilikuwa peke yake. Shirika lilichukuliwa na serikali mwaka 1964 likapewa jina hilo, likarudi kuitwa KBC 1989, na muda huo wote wa kati hakukuwa na stesheni ya mtu binafsi, televisheni ya kwanza ya binafsi, KTN, ilikuja 1990 na redio za binafsi zikaja baadaye katika miaka ya tisini. Kwa hiyo ukiwasha redio Lodwar ama Lamu ama Kisii, sauti za Kiswahili ni zile zile chache, na baada ya miaka kadhaa unazijua kama unavyojua sauti za watu wa nyumbani kwako, unajua hata leo huyu ana mafua. Mbotela aliingia pale 1964. Kufikia 1982 alikuwa amekaa masikioni mwa watu miaka 18.

Lakini wasomaji wa habari pia walikuwa wanajulikana, kwa nini wa mpira? Jibu langu mimi, na huu ni mtazamo wangu sio wa kitabu, ni kwamba kutangaza mpira redioni ni kazi ya kuaminiwa kuliko zote. Msomaji wa habari anakusomea karatasi. Mtangazaji wa mpira anakuonyesha kitu ambacho huwezi kukiona na huna namna ya kukihakiki, na unamwamini mpaka unaruka kutoka kwenye kiti.

Angalia jinsi wanavyofanya. Kwanza kabisa anakupangia uwanja ndani ya nyumba yako: timu hii inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio yako. Kwa redio yako! Yaani kile kisanduku juu ya kabati ndio kimekuwa uwanja wa Nyayo ama City Stadium pale Nairobi, ukisikia "upande wa kulia wa redio yako" kichwa kinageuka chenyewe. Halafu hawezi kunyamaza, mtangazaji wa televisheni akinyamaza wewe bado unaona mpira, wa redio akinyamaza sekunde tano umekuwa kipofu, kwa hiyo anatembea na mpira jina kwa jina, fulani kwake fulani, anamtazama, anampita, anaingia, na ile kasi ya maneno inapanda kadiri mpira unavyokaribia lango hadi unajua hatari imefika hata kabla hajasema. Matokeo anayarudia rudia kwa sababu kuna mtu amewasha redio sasa hivi tu. Na kelele za mashabiki nyuma yake ndio shahidi wake, ukisikia uwanja umelipuka unajua hajadanganya. Kazi hii wameifanya wengi kwa Kiswahili, Mohammed Juma Njuguna na Jack Oyoo Sylvester hapa kwetu, Ahmed Jongo na Charles Hilary kule Tanzania, na kila mmoja ana mashabiki wake wanaokwambia hakuna kama huyo. Mimi kwenye huo ugomvi siingii.

Na mwanzo wa miaka ya themanini mpira wa Kenya ulikuwa na utamu. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walichukua Kombe la Chalenji la CECAFA, lile la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1981 kule Dar es Salaam, 1982 Kampala, 1983 nyumbani Nairobi, golini yuko Mahmoud Abbas aliyekuwa anaitwa Kenya One. Furaha hiyo yote wananchi wengi waliipata kwa masikio. Televisheni ilikuwa ya watu wachache na wengi wao wa mjini.

Mbotela alikuwa na kitu kingine cha ziada. Kile kipindi chake cha ungwana kilianza 1966 na kikaendelea zaidi ya nusu karne. Ni kipindi kifupi tu, anachukua tabia fulani ya kuudhi, anaieleza kwa upole na kicheko kidogo, halafu anauliza, je, huu ni ungwana? Basi. Sasa chukua mtu ambaye Jumamosi anakwambia goli limeingia na siku nyingine anakufundisha adabu bila kukutukana, hiyo sauti ikikwambia kitu utaipinga vipi?

Na Kiswahili alikuwa nacho, alizaliwa nacho. Ni mtoto wa Frere Town, Mombasa, alizaliwa 1940. Frere Town ni kijiji ambacho wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walikianzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini, na pale penye kengele yao panaitwa Kengeleni hadi leo, ukipanda matatu ya Kisauni unapita hapo. Ukoo wa Mbotela unatoka kwa watu hao. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika "Uhuru wa Watumwa", kitabu cha 1934 kinachosimulia habari hizo hizo za utumwa na kuokolewa. Na ule mtaa wa Mbotela pale Nairobi umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa KAU, chama cha Waafrika wakati wa ukoloni, aliyeuawa 1952, wa ukoo huo huo. Yaani hilo jina lilikuwa limeshaandikwa vitabuni na kwenye ramani kabla Leonard hajashika maiki.

Turudi studio. Mbotela mwenyewe alisimulia asubuhi hiyo mara nyingi sana katika maisha yake, kila Agosti ikikaribia waandishi walikuwa wanamtafuta. Hakuwa na hiari, alikuwa amezungukwa na watu wenye silaha. Akatangaza kwamba serikali imepinduliwa, kwamba jeshi limeshika nchi, na kwamba polisi sasa wahesabiwe kama raia. Moi wakati huo alikuwa kwake Kabarak. Nairobi wengine wakashangilia, wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani, wengine wakaenda kuvunja maduka. Na wengi walioamini waliamini kwa sababu moja tu: si amesema Mambo Mbotela?

Ila waasi hawakugundua kwamba ujanja huo una pande mbili. Saa chache baadaye wanajeshi watiifu kwa serikali, wakiongozwa na Jenerali Mahmoud Mohamed, wakairudisha stesheni kwa nguvu, watu wakafia pale pale. Sasa serikali nayo ikawa na shida ile ile ya Ochuka! Nchi imeambiwa na sauti inayoiamini kwamba Moi hayupo tena, ukimleta mtu mwingine aseme yupo, nani atamsikiliza? Ikabidi awe ni yeye tena. Mbotela akarudi hewani kutangaza kwamba serikali ya Nyayo, yaani ya Moi, ipo na mambo yamerudi mikononi mwake. Asubuhi moja, sauti moja, matangazo mawili yanayopingana, na yote mawili yakaaminika. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha ajabu zaidi katika stori nzima, kuliko hata hayo mapinduzi yenyewe.

Ochuka alikimbilia Tanzania, baadaye akarudishwa Kenya, akanyongwa 1987. Jeshi la anga likavunjwa likaundwa upya kwa jina jingine. Mbotela hakuhesabiwa mkosaji, kila mtu alielewa kwamba mtu aliyeelekezewa bunduki hachagui maneno. Akaendelea na kazi, akafanya kazi pia katika kitengo cha habari cha rais, yaani karibu kabisa na yule yule Moi ambaye yeye Mbotela alikuwa amelazimishwa kutangaza kwamba ametoka. Kipindi cha ungwana hakikufa, kikaenda hadi televisheni, na watoto wa wale waliomsikiliza 1966 wakamsikiliza nao wakiwa na watoto wao.

Alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na miaka 84. Kwenye rambirambi wazee walikumbuka mechi, akina mama wakakumbuka ungwana, na vijana wengi ndio kwanza walikuwa wanauliza, kumbe huyu ndiye yule wa 1982?