Oklo: kinu cha nyuklia ambacho hakikujengwa na mtu

Mwaka 1972, katika kiwanda cha Pierrelatte, Ufaransa, wapimaji wa urani walikuta hesabu haitimii. Urani ya asili, iwe imechimbwa Kongo au Kanada, ina asilimia 0.720 ya aina iitwayo urani-235; karibu yote inayobaki ni aina nzito kidogo, urani-238. Sampuli yao, iliyotoka mgodi wa Oklo nchini Gabon, ilikuwa na 0.717. Wanaolinda malighafi ya mabomu hawapuuzi hata gramu, kwa hiyo upelelezi ukaanza. Mgodini kukapatikana mawe yenye chini ya 0.5, pamoja na metali ya neodimi, ya aina inayobaki kwenye mafuta ya urani yaliyotumika katika vinu vya nyuklia. Urani ile ilishawahi kuungua kinuklia, kama ndani ya kinu, miaka kama bilioni mbili iliyopita!

Ninapofundisha fizikia ya nyuklia huanzia hapo, kwa sababu Oklo ina mambo mawili ambayo wengi huyachanganya.

La kwanza ni kiini cha atomi kumeguka chenyewe na kutoa mionzi. Urani-235 hupungua nusu kila miaka milioni 704, urani-238 kila miaka bilioni 4.5, na huwezi kuiharakisha kwa kuichoma wala kuigandamiza. Ukirudisha hesabu hadi enzi za Oklo, urani-235 inazidi asilimia 3, karibu sawa na mafuta ya vinu vya leo.

La pili ni kupasuka, na hapa kiini kinahitaji jirani. Nyutroni, chembe isiyo na chaji itokayo kwenye kiini, ikigonga urani-235, kiini hupasuka na kurusha nyutroni mpya, kwa kawaida mbili au tatu. Hizo huenda mbio mno. Urani-235 hudaka vizuri zaidi zile za polepole. Oklo, maji yaliyopenya mwambani ndiyo yaliyozipunguza mwendo. Mwamba ukipata joto kali, maji yanachemka na kutoweka, na mpasuko unasimama. Ukipoa, maji yanarudi, kinu kinawaka tena. Gesi ya zenoni, zao la mpasuko, iliyonaswa kwenye madini imewawezesha watafiti kukadiria zamu zenyewe: nusu saa kuwaka, saa mbili na nusu kupoa, kwa miaka laki kadhaa.

Je, urani ya Mto Mkuju, kule Namtumbo, kusini mwa Tanzania, inaweza kujiwasha hivyo? Haiwezi. Urani-235 imeshapungua mno, na maji ya kawaida humeza nyutroni nyingi kuliko inavyoweza kufidia. Kumeguka ndiko kunakoendelea, na zao lake moja ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mgodi wa chini ya ardhi usiopitisha hewa ya kutosha huijaza kwenye mapafu ya wachimbaji.